Karen anatandika kitanda

Kila ikikaribia Krismasi watu hurudi kubishana juu ya filamu ya Love Actually, na ubishi ni ule ule wa mwaka jana. Yule kijana wa mabango mlangoni ni mpenzi au msaliti? Waziri Mkuu anayecheza muziki peke yake usiku anachekesha au anaudhi? Mimi filamu hii naipenda, naitizama kila mwaka na hapa nitaitetea, ila kwa jambo ambalo sioni likipewa nafasi yake. Watu huikumbuka kwa wanaokiri mapenzi mbele za watu: mbio za uwanja wa ndege, posa ya mkahawani. Kwangu mimi filamu nzima inasimama juu ya mabega ya watatu ambao hawana muda wa kukiri chochote, nao ni Karen, Sarah na Daniel. Watoe hao, uone kama utafika mwisho bila ya kuangalia saa.

Ilitoka Novemba 2003. Richard Curtis alishakuwa na jina kubwa kwa uandishi, lakini hii ndiyo filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe. Ina saa mbili na robo, na ndani yake mna visa karibu kumi vinavyokwenda pamoja mjini London katika wiki tano za kuelekea Krismasi. Curtis ameeleza kwamba kisa cha Waziri Mkuu na kile cha mwandishi aliyekimbilia Ufaransa alivifikiria mwanzo kama filamu mbili kamili, kisha akaona bora avitie pamoja na vingine. Ukitizama utaliona hilo. Visa hivyo viwili vina mwanzo na mwisho wake, na vingine, kama cha Colin anayekwenda Milwaukee, Marekani, kutafuta wanawake, vingeweza kuondolewa na wala mtu asiulize vimekwenda wapi.

Wakosoaji wengi walilalamika kuwa watu ni wengi mno, hujui umfuate nani. Ukumbini kwetu hilo halijawahi kuwa tatizo. Shangazi yangu Kiingereza hakijui, na wifi yangu ndiye anayemfasiria, lakini kila anapotokea mtu mpya swali lake ni moja tu: "Huyu nani wake?" Karen ni dada yake Waziri Mkuu, toka nitoke. Harry ni mume wa Karen. Sarah anafanya kazi ofisini kwa Harry. Daniel aliyefiwa na mke ni rafiki yake Karen. Mia, msichana anayemtaka Harry, nyumba yao ipo ubavuni mwa nyumba ya akina Natalie, anayependwa na Waziri Mkuu. Shangazi akishapanga ukoo namna hiyo huwa tayari kwa lolote. Mtu aliyekulia Mjini Unguja, ambako huwezi kumsema mtu barazani bila ya kuangalia kwanza pembeni yako amekaa binamu yake nani, hahitaji kufundishwa namna ya kufuata filamu hii.

Na Krismasi yenyewe si ngeni kwetu, ingawa wengi wetu hatuisherehekei. Tarehe 25 na 26 Disemba ni mapumziko ya taifa, skuli zimefungwa, kaskazi inavuma, joto haliambiliki, maembe yamejaa sokoni Darajani na mikrismasi imewaka nyekundu. Kengele za kanisa la Minara Miwili zinasikika mpaka kwetu. Kanisa la Mkunazini jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, pale pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, na ibada ya mwanzo ilisaliwa siku ya Krismasi ya 1877. Jirani yetu Mkristo hutuletea sahani ya pilau mchana, nasi sahani yake tunairudisha Idd ikiwa na kitu ndani. Jioni watoto wakishatulia, tunaweka filamu. Visa vya wale wawili wanaoigiza bila nguo wifi yangu huvirusha kwa rimoti, na hatujapungukiwa na kitu.

Filamu inaanzia uwanja wa ndege wa Heathrow, mlango wa wanaowasili. Wale unaowaona wanakumbatiana ni watu wa kweli, walirekodiwa kwa kamera zilizofichwa kisha wakaombwa ruhusa. Sauti ya Hugh Grant, anayeigiza Waziri Mkuu David, inatuambia kuwa mapenzi yamejaa kila mahali, ukitaka kuyaona nenda pale. Maneno haya wengine huyaona matamu kupita kiasi. Mimi nayaamini, kwa sababu nimesimama bandarini Malindi siku za Disemba boti ya Dar ikifunga. Hakuna anayekumbatiana na mkewe pale. Utamwona mwanamme kasimama juani muda mrefu, na mkewe akitokeza kwenye msongamano na mtoto begani na ndoo mkononi, anachokifanya kwanza ni kuipokea ndoo. Kisha mtoto. Kisha mkoba. Mke anabaki mikono mitupu, anatengeneza mtandio wake, ndipo mume anauliza: "Bahari ilikuwaje?" Na yeye anajibu imechafuka kidogo, na wote wawili wanaanza kwenda. Aliyewahi kupokelewa hivyo anajua ameambiwa nini.

Sasa Karen. Emma Thompson ndiye anayemwigiza, na Harry ni marehemu Alan Rickman. Mapema kabisa Karen anamwambia mumewe kuwa Joni Mitchell, mwimbaji anayempenda, ndiye aliyemfundisha yeye kuhisi. Linapita kama mazungumzo ya kawaida ya watu waliooana miaka mingi. Siku nyingine Karen anapapasa mfuko wa koti la mumewe na kukuta kisanduku, ndani yake mna mkufu wa dhahabu. Anaurudisha ulipokuwa. Moyo wake umejaa, anajua zawadi yake ya mwaka huu ni kubwa. Usiku wa kufungua zawadi anachukua kiboksi chenye ukubwa ule ule, anakifungua mbele ya mume na watoto, anakuta CD ya Joni Mitchell. Mkufu ulikuwa wa Mia.

Uso wa Thompson hapo unafaa kutizamwa pole pole. Hashangai kwa sauti. Anashukuru, tena anaongeza maneno ya kushukuru, kisha anaomba dakika moja aende chumbani. Huko anasimama karibu na kitanda, wimbo unapigwa, machozi yanamtoka na yeye anayafuta haraka haraka kwa vidole, kama mtu anayejua wakati alionao ni mdogo. Halafu anafanya kitu ambacho kila ninapokiona nasema mwandishi na mwigizaji hawa walikaa na wanawake wakawasikiliza: anainama na kukinyoosha kitanda. Anavuta shuka, anaipiga piga mikunjo itoke. Anapumua. Anatoka nje na sauti ya furaha, anawaharakisha watoto maana wana mchezo wa skuli, na binti yake anaigiza kambakoche katika kisa cha kuzaliwa Yesu.

Mara ya kwanza tulipofika hapo wifi yangu alifungua mdomo afasiri, Shangazi akamnyamazisha kwa mkono. "Usiniambie. Kashajua huyo." Akaitizama ile shuka. Akasema, "Na hawezi kulia vizuri, watoto wako nje."

Mwaka 2018 Thompson alieleza hadharani kuwa kulia chumbani kisha kutoka nje na kuchangamka kama hapakuwa na kitu ni jambo alilolizoea kwa maisha yake mwenyewe, akiitaja ndoa yake ya kwanza iliyovunjika. Ndiyo maana hakuna cha kuigiza zaidi pale. Mwanamke anayelia ameonyeshwa katika filamu nyingi. Anayelia huku anahesabu muda ni nadra kumwona, na huyo ndiye tunayemjua sisi. Sitara ya nyumba kwetu inasifiwa sana, inaimbwa kwenye taarab na inausiwa bi harusi na somo wake, na mzigo wake hupimwa mara chache. Curtis ameupima kwa dakika chache tu za chumbani, na mtu akinambia filamu hii ni nyepesi namrudisha hapo.

Tofauti na Karen kuna Mark, na hapa natofautiana na mashabiki. Mark, anayeigizwa na Andrew Lincoln, anampenda Juliet, mke wa rafiki yake kipenzi Peter. Usiku wa mkesha wa Krismasi anabisha hodi, Juliet anafungua, yeye anamwonyesha kwa kidole anyamaze. Anawasha kinasa sauti chenye nyimbo za Krismasi ili Peter aliye ndani adhani ni waimbaji wanaopita, kisha anamwonyesha bango moja baada ya jingine yenye maneno ya mapenzi. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, na watu wanaiga mpaka leo wakitaka kuposa.

Kusema kwa maandishi kile ambacho mdomo hauwezi ni sanaa tunayoijua sana. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina "Mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika" akapita nayo kichochoroni, anayehusika kapata habari. Lakini kanga inasomwa na wote. Anaisoma mkemwenza, anaisoma mama mkwe, anaisoma muuza kahawa. Aliyeivaa amekubali kuulizwa maana yake na amejiandaa kwa jibu. Mark mabango yake yanasomwa na mmoja tu, na sharti lake ni kuwa mwenye nyumba adanganywe. Tena Juliet analazimika kuwa mshirika wa uongo huo, amwambie mumewe mlangoni kuna waimbaji. Mark anaondoka na moyo mwepesi, kashusha mzigo wake. Kauweka wapi? Kifuani kwa Juliet, ambaye atakula Krismasi na mumewe akiwa na siri aliyoletewa mlangoni bila ya kuiomba. Filamu inamzawadia Mark busu kwa hilo, na kila nikifika hapo namfikiria Peter kwenye kochi. Peter ni Chiwetel Ejiofor, mwigizaji mzito ambaye baadaye aliteuliwa kuwania Oscar, na hapa hakupewa zaidi ya kutabasamu.

Kisa cha Sarah ndicho kinachotugawa ukumbini. Laura Linney anaigiza mwanamke aliyempenda Karl, mfanyakazi mwenzake, kwa miaka miwili na miezi saba bila ya kumwambia. Ofisi nzima inajua, hata Karl anajua. Hatimaye wanafika nyumbani kwake baada ya sherehe ya ofisi, na simu inalia. Ni kaka yake, Michael, mgonjwa wa akili aliye hospitali. Sarah anapokea, anazungumza naye kwa upole. Simu inalia tena. Karl anamuuliza kama kupokea kutamponesha. Haitamponesha. Anapokea. Karl haonekani tena nyumbani mwake, na mkesha wa Krismasi tunamkuta Sarah hospitali na kaka yake, anamvika skafu.

Wengi husikitika kuwa Sarah kaikosa bahati yake kwa simu. Shangazi yangu hataki kusikia hilo. Kwake Sarah ndiye mtu mmoja katika filamu nzima aliyetenda haki, na Karl ni mwanamme aliyepewa nafasi ya kusema "twende tukamwone pamoja" akakaa kimya. Kwa Karl namuunga mkono Shangazi moja kwa moja. Uzuri wote ule, na hakuna sentensi hata moja ya kusaidia.

Lakini siwezi kuishia kwenye sifa. Mjini hapa kila mtu anaijua Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na ukikaa njia ile jioni utawaona wanaokwenda kuwatizama wagonjwa wao na mikebe ya chakula mikononi. Tizama ni akina nani. Dada. Mama. Shangazi. Binti ambaye hajaolewa, na ambaye kila mwaka unaopita sababu ya kutoolewa inazidi kuwa ule mkebe. Tunajisifu kuwa sisi hatumtupi mtu wetu, na ni kweli hatumtupi, ila zamu yake mara nyingi tunaiacha kwa mmoja. Ndugu wengine wanatuma salamu na wanatuma pesa ikiwepo. Sarah wa London anasema wazazi wamefariki, wamebaki wawili tu yeye na Michael. Wetu ana ndugu watano na bado yuko peke yake. Curtis hakumpa Sarah muujiza wa mwisho, na namshukuru kwa hilo: angemletea Karl hospitalini na maua, tungeondoka tumefurahi na tungesahau kuwa kesho simu italia tena.

Kuna mambo filamu hii imeyafanya vibaya na kuyataja si kuichukia. Hesabu visa vya mapenzi ambamo mwanamme ni mkubwa wa kazi na mwanamke yuko chini yake: David na Natalie, Harry na Mia, mwandishi Jamie na Aurélia anayemsafishia nyumba. Rais wa Marekani anapomsogelea Natalie pasipo heshima, anayehamishwa kazi ni Natalie. David anapigiwa makofi kwa hotuba yake mbele ya waandishi wa habari, hotuba tamu kweli, na msichana kapoteza nafasi yake. Binti yeyote anayehudumia meza kwenye hoteli za Nungwi au Kiwengwa analielewa hilo bila ya kufasiriwa. Pia kuna ule mzaha unaorudiwa rudiwa wa unene wa Natalie, ambaye wala si mnene. Curtis mwenyewe amekiri miaka ya karibuni kuwa anajutia mizaha hiyo, na mwaka 2022, katika kipindi cha televisheni ya Marekani kilichoadhimisha filamu, alisema uchache wa watu wa asili mbalimbali ndani yake unamkosesha raha na kumfanya ajione mjinga kidogo. Mwongozaji wa hadhi yake angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, na mimi nampa haki yake.

Kwenye uhariri vilikatwa visa vizima, na kimoja kati yake kilikuwa cha Waafrika wakati wa njaa. Nimejiuliza mara nyingi kama ningetaka kiachwe. Nadhani sitaki. Kati ya watu wote wale wanaopendana kwa sababu ya kupendana tu, sisi tungekuwa wale wanaopendana kwa sababu wana njaa. Ninachokitaka ni filamu ya namna hii itungwe hapa, usiku mmoja wa kuamkia Idd, visa kumi, koo zimeingiliana kuanzia Michenzani mpaka Chake Chake: mshoni mwenye foleni ya nguo zisizokwisha, mjane wa Kikwajuni, mchezaji mpira, bibi harusi wa baada ya Ramadhani. ZIFF, tamasha letu la filamu la Zanzibar, ipo tokea 1998, Ngome Kongwe ipo, waandishi wapo. Ningekaa jamvi la mbele.

Daniel sijamsema sana, na hahitaji sana. Liam Neeson anamzika mkewe mwanzoni kabisa na anabaki na Sam, mtoto wa mkewe ambaye kwa damu si wake. Hakuna ndugu anayemuuliza mtoto atakwenda kwa nani. Anakaa naye kwenye benchi, anamuuliza kinachomsumbua, na mtoto anapojibu kuwa ni mapenzi, Daniel anafarijika wazi kuwa si kitu kibaya zaidi, kisha analichukua jambo la mtoto kwa uzito wote linaostahili. Anamnunulia ngoma ajifunze. Anakimbia naye uwanja wa ndege. Ulezi wa baba wa kambo tumezoea kuusikia ukisimuliwa kwa ubaya wake. Huu ni wa kutizama na watoto wako wamekaa pembeni, na ndio kipande ambacho rimoti haiguswi.

Mwisho wa filamu ni mwezi mmoja baadaye, Heathrow tena. Harry anarudi safari, Karen na watoto wamekuja kumpokea. Maneno ni machache mno. Karen anasema yeye mzima, anasema ni vizuri amerudi, anawageuza wote warudi nyumbani. Kwenye mchezo wa skuli alishamuuliza uso kwa uso: yeye angefanya nini, angebaki aone kama ni mkufu tu, au ni mkufu na kitanda, au ni mkufu na mapenzi? Harry akajiita mjinga. Karen akamjibu kuwa hata maisha yake yeye kayafanya ya kijinga. Kisha watoto wakaja na yeye akachangamka tena. Mwaka 2015 Emma Freud, mwenza wa Curtis aliyekuwa mhariri wa hadithi hii, alieleza kuwa wawili hawa wanabaki pamoja, ila nyumba haina tena furaha iliyokuwa nayo.

Shangazi alilijua hilo kabla ya Freud kulisema. Anasema tizama anavyoshika bega la mtoto badala ya mkono wa mume. Kakaa kwa ajili ya watoto, na Harry atakula chakula kizuri kila siku mpaka afe na hatakaa aulizwe kapendezewa nacho. Wifi yangu hakubali hata kidogo: yeye angekwenda kwa kadhi asubuhi, khului na kidani cha mahari amrudishie. Mimi namwona Karen kama anavyomwona Shangazi, lakini ningependa afanye kama asemavyo wifi, na zaidi ya yote ningependa Curtis angempa Harry dakika mbili za kuonekana analipa. Anunue kitu kingine, apike, akae sakafuni na ile mavazi ya kambakoche aitie sindano. Tunabishana hivyo mpaka majina ya waigizaji yanamalizika. Kwa ule mkufu tu ndipo tunapokubaliana: wifi anasema angekwenda kuudai mkononi mwa Mia mwenyewe, na Shangazi anamwambia avae baibui jipya siku hiyo.